WALIOAMBIWA HAWANA KITWA CHA KUSOMA
Funzo la Habib Swaleh kwa wazazi, walimu na wanafunzi wa leo

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu msomaji, mwezi wa Ramadhan ni mwezi wa kusoma. Ndani yake iliteremshwa Qur'ani, na ndani yake, tarehe 17 mwaka wa pili wa Hijra, vilipiganwa vita vya Badr. Wengi wetu tunavijua vita hivyo kwa ushujaa wa Waislamu wachache mbele ya jeshi kubwa. Lakini kuna jambo moja tunalipita haraka. Baada ya vita, wale mateka wa Kikureshi ambao hawakuwa na mali ya kujikomboa, lakini walijua kuandika, walipewa njia nyingine: kila mmoja awafunze watoto kumi wa Madina kuandika, kisha aende zake. Jeshi ndio kwanza limetoka vitani, mji ni maskini, na bado kalamu ya mtoto ikathaminiwa sawa na fidia ya mateka.

Sasa turudi hapa kwetu. Mara ngapi umesikia maneno haya, barazani, jikoni, ama hata mlangoni mwa skuli: "Mwana huyu hana kitwa." "Hesabu si kazi ya mwana wa kike." "Sisi watu wa kwetu si watu wa kusoma, sisi ni watu wa bahari." Maneno haya husemwa kwa wepesi, wakati mwingine kwa mzaha, na anayesema husahau baada ya dakika tano. Aliyeambiwa hasahau. Huenda nayo darasani, hukaa nayo kwenye deski, na siku ya mtihani huwa yamefika kabla yake.

Makala hii inataka kuonyesha kwamba jambo hili lina historia katika mji wetu wa Lamu, tena historia kubwa. Paliwahi kuwa na watu wengi hapa walioambiwa kwamba kusoma si kwao, nao wakaamini. Kisha akatokea mtu mmoja aliyekataa kuamini hivyo, na mji ukabadilika.

MJI MMOJA, MITAA MIWILI

Tangu zamani mji wa Lamu una mitaa mikubwa miwili. Upande wa kaskazini ni Mkomani, upande wa kusini ni Langoni. Ukipita leo katika vichochoro vya Mkomani bado utaona nyumba za mawe za kale, milango ya nakshi, madaka ya nje ambapo wageni walikaribishwa, na zidaka za ndani zilizopambwa kwa chokaa. Nyumba kama hizi ndizo zilizochangia mji mkongwe wa Lamu kuingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2001. Langoni, katika karne ya 19, zilikuwa zaidi nyumba za udongo na makuti, na wengi waliokaa huko walikuwa wageni waliokuja na majahazi, Wangazija, Wahadrami maskini waliofanya kazi za mikono, na watu wa utumwani pamoja na wazalia wao.

Mawe na makuti yalionekana kwa macho. Kulikuwa na tofauti nyingine isiyoonekana, nayo ni hii: nani anahesabiwa kuwa mtu wa kusoma, na nani hahesabiwi.

Mtoto wa kiungwana alikulia penye vitabu. Babake alisoma, ami yake alisoma, huenda babu yake alikuwa kadhi au khatibu. Alipopelekwa chuoni na ubao wake mkononi hakuna aliyeshangaa, na yeye mwenyewe hakushangaa. Alipokosea, alirudishwa nyuma akaambiwa asome tena. Hakuna aliyedhani kwamba kukosea kwake ni dalili ya kuwa hawezi.

Hata binti wa kiungwana, ambaye hakuachwa kutembea njiani ovyo, alikuwa na sehemu yake katika elimu. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, mzaliwa wa Pate na mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alimtungia binti yake Mwana Hashima utendi ambao hadi hii leo unasomwa pwani nzima. Watu wengi huuzungumzia utendi huo kwa sababu ya mafunzo ya ndoa yaliyomo. Sisi hapa tunataka uangalie namna unavyoanza. Mama, naye ni mgonjwa, anamwita binti yake aje karibu, tena aje na wino na karatasi. Mama yule hakuuliza kama msichana anaweza kuandika. Alimwita kama mtu anayeandika. Kwa wito ule mmoja binti alijua mamake anamwona vipi.

Sasa mfikirie mtoto mwingine wa miaka hiyo hiyo, ambaye kazi yake ni kuteka maji, kubeba mizigo gatini, kupalilia shamba la watu upande wa bara. Yeye pia ni Muislamu. Alifunzwa cha kumtosha kusali, ikiwa alifunzwa. Fiqhi, nahau, tafsiri, hayo hayakuwa yake. Hakuna aliyemwita na wino. Na mtu akiambiwa tangu utotoni kwamba jambo fulani si lake, baada ya muda hahitaji tena mlinzi wa kumzuia. Hujizuia mwenyewe. Ukimwonyesha kitabu hucheka, akakwambia, "Mimi na zitabu wapi na wapi?" Huyo amefungwa kwa mnyororo ambao hauonekani, na mnyororo wa namna hii haukatwi kwa msumeno.

MGENI KUTOKA NGAZIJA

Mtu aliyeubadilisha mji hakuwa mzaliwa wake. Sayyid Swaleh bin Alawi Jamalilleyl, ambaye sote twamjua kwa jina la Habib Swaleh, alizaliwa Ngazija katikati ya karne ya 19, katika ukoo wa masharifu wenye asili ya Hadhramaut. Alikuja Lamu akiwa kijana, ambapo tayari alikuwa na ami yake aliyekuwa akitibu watu. Akasoma kwa wanazuoni wa mji huu, kisha akafungamana kielimu na Habib Ali bin Muhammad al-Habshi wa Seiyun, Hadhramaut, mwanachuoni aliyejenga huko kwao msikiti na ribati ya kuwasomesha watu.

Sharifu, tena mwenye elimu, angeweza kukaa kwa raha na wakubwa wa mji. Yeye alielekea Langoni. Huko akaanza kuwasomesha watu ambao wengine hawakuwahesabu: watumwa, wazalia, Wangazija wenzake, Wahadrami wachukuzi, wageni wasio na jamaa mjini.

Zingatia tarehe, ndugu msomaji. Utumwa katika ukanda wa pwani ya Kenya ulifutwa kisheria mwaka 1907, chini ya serikali ya Kiingereza. Habib Swaleh alikuwa ameanza kazi yake kabla ya hapo. Sheria ilipokuja ilimwambia mtu, "Wewe si mali ya fulani tena." Hilo ni jambo kubwa, hatulidharau. Lakini sheria haikumwambia wewe ni nani sasa. Watu wengi waliotoka utumwani pwani hii walitoka mikono mitupu, hawana shamba wala jina. Wale waliokuwa wakikaa mbele ya Habib Swaleh tayari walikuwa wameshapata jibu: wewe ni mwanafunzi.

ALIFANYA NINI HASA?

Twapenda kuwasifu wazee wetu kwa karama, tukasahau kuangalia kazi zao. Hebu tuiangalie kazi yenyewe, kwa sababu ndani yake mna mbinu ambazo mwalimu yeyote wa leo anaweza kuzifuata.

Jambo la kwanza, alikaa nao. Hakuwa akitoka mtaa wa juu kuja kutoa darsa kisha akarudi kwake. Aliishi pamoja nao. Mwanafunzi humsoma mwalimu wake kabla hajasoma kitabu. Akimwona mwalimu anakunja uso anapokaa karibu naye, somo la kwanza atakalolishika siku hiyo ni dharau, na huenda asishike jingine.

Jambo la pili, aliwafunza elimu yenyewe. Hakuwakatia kipande kidogo cha elimu kwa kuwa wao ni watu wa chini. Elimu iliyokuwa katika nyumba kubwa ndiyo iliyofunguliwa Langoni. Ukimpa mtu somo jepesi kila siku kwa kumhurumia, unamwambia bila ya kutamka kwamba humtarajii kufika mbali. Ukimpa somo la kweli, ukakaa naye mpaka likamwingia, umemwambia kinyume chake.

Jambo la tatu, aliwapa nafasi ya kusikika. Huku kwetu watu walikuwa wakisoma maulidi ya Barzanji. Habib Swaleh alileta maulidi yaliyotungwa na Habib Ali al-Habshi, yakawa yanasomwa kwa sauti na kuitikiwa, pamoja na tari. Wanazuoni wana maneno yao juu ya tari msikitini, na sisi katika makala hii hatuingii huko. Tunalotaka kuonyesha ni upande wa mafunzo. Mtu aliyezoea kusimama nyuma na kunyamaza sasa alikuwa na sehemu yake ya kuitikia. Alihifadhi, akatamka, akasikiwa na wenziwe, akajisikia mwenyewe. Aliyeweza kuhifadhi kasida alianza kujiuliza: kama hili nimeliweza, kwa nini nisiliweze lile?

Jambo la nne, walikuwa na mahala pao. Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20 ulisimama Msikiti Riyadha huko Langoni, kwa jina la ule wa Seiyun. Kwa watu ambao kila walipokaa palikuwa pa mtu mwingine, kuwa na mahala pa kusomea ambapo hakuna wa kukuuliza umefuata nini, hilo peke yake ni somo.

TUSEME KWELI

Hapa, sisi watu wa Mkomani, lazima tuseme kweli. Upinzani alioupata Habib Swaleh ulitoka sana upande huu wetu. Wako waliochukizwa na tari, na hao walikuwa na hoja ya kidini waliyoiamini. Lakini wako pia waliochukizwa na jambo jingine: mtumwa na mwana wa mtumwa kufunguliwa vitabu. Kwani mtu wa namna hiyo akishajua fiqhi, ataamrishwa vipi? Akishasimama mbele ya watu akasoma, atakaa wapi barazani? Hofu haikuwa kwamba hawataweza kusoma. Mtu haogopi jambo asilodhani litatokea. Hofu ilikuwa kwamba wataweza.

Tunayasema haya bila ya kuwavunjia heshima wazee wetu. Wao waliishi katika zama zao, nasi tuna zetu. Na Mkomani ilitoa mengi: wanazuoni, mashairi, vitabu, na baadaye watu wa mtaa huu nao wakaenda kusoma Riyadha kama wengine. Lakini historia ambayo haituumi mahala popote huwa ni hadithi ya kulalia tu.

Habib Swaleh alifariki mwaka 1935. Wanawe na wajukuu wake wakaiendeleza kazi. Riyadha ikawa chuo kinachojulikana Afrika Mashariki nzima, wanafunzi wakaja kutoka pwani na bara, wakarudi kwao wakafungua madrasa zao. Kila mwaka katika Mfungo Sita maelfu ya watu huja Lamu kwa maulidi. Na katika miaka ya 2010 miswada ya Kiarabu iliyohifadhiwa Riyadha ilipigwa picha za kompyuta chini ya programu ya British Library ya kuokoa kumbukumbu zilizo hatarini, ili wasomi wa dunia nzima waweze kuiona. Mtaa ulioambiwa hauna haja na vitabu leo ndio unaofuatwa kwa vitabu.

SI JAMBO GENI KATIKA UISLAMU

Asije mtu akadhani kwamba Habib Swaleh alizua jambo. Alirudi kwenye asili. Sote twaijua sababu ya kuteremshwa Surat Abasa. Abdullah bin Ummi Maktum, kipofu, alikuja kwa Mtume (s.a.w.) akitaka kufunzwa, wakati Mtume anazungumza na wakubwa wa Makureshi kwa matumaini kwamba watasilimu. Aya zikashuka kumwelekeza Mtume kwa yule aliyekuja mwenyewe akitafuta elimu. Kipofu yule baadaye akawa muadhini, na Mtume akamwachia mji wa Madina zaidi ya mara moja anapotoka safarini.

Mtazame pia Ata bin Abi Rabah. Alikuwa mtu mweusi, asili yake utumwani, kiwete, na katika uzee wake akapofuka. Kwa mizani ya watu wa mitaani hana hata kimoja. Yeye alikaa katika Msikiti wa Makka akasoma, akasoma, akasoma, mpaka akawa mufti wa mji ule mtukufu, na watu wa hija waliokuja kutoka kila upande walimwendea yeye kuuliza mas-ala yao. Alifariki yapata mwaka 114 wa Hijra. Jamii iliyomzunguka ingeangalia miguu yake tu, Uislamu ungekosa mmoja wa wanazuoni wake wakubwa.

WATAALAMU WANASEMAJE?

Wataalamu wa elimu ya nafsi nao wamelichunguza jambo hili kwa njia yao. Mwaka 1976 watafiti watatu, Shavelson, Hubner na Stanton, walieleza kwamba picha anayojichorea mtu juu ya nafsi yake si moja. Mwanafunzi ana picha yake ya kimasomo, mbali na ile ya sura yake au ya marafiki zake, na hata ndani ya masomo anaweza kujiona hodari wa lugha na dhaifu wa hesabu. Ndio maana utamkuta kijana mchangamfu, shujaa uwanjani, anaogopwa baharini kwa kuogelea, lakini ukimwekea kitabu mbele anakuwa mdogo kama sisimizi.

Mtafiti mwingine, Herbert Marsh, pamoja na mwenziwe Parker, walionyesha mwaka 1984 kwamba picha hii huja kwa kujilinganisha. Watoto wawili wenye uwezo ule ule, mmoja akiwekwa kati ya wanafunzi hodari sana, mwingine kati ya wa kawaida, yule wa kwanza hujiona dhaifu zaidi. Uwezo wake haujapungua, kipimo alichoshikishwa ndicho kilichobadilika. Utafiti uliofuata ukaonyesha kwamba mambo haya huvutana: kufaulu humfanya mtoto ajiamini, na kujiamini humsaidia kufaulu tena. Kwa hivyo hakuna faida ya kumjaza mtoto sifa tupu bila ya kumfunza, na hakuna faida ya kumfunza huku unamvunja moyo. Vyote viwili vyataka kwenda pamoja.

Na mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck wa Marekani walitoa utafiti juu ya kusifu watoto. Waliosifiwa kwa akili yao, "wewe una akili sana," baadaye walipendelea kazi nyepesi, na walipopewa ngumu wakashindwa, walivunjika moyo. Waliosifiwa kwa bidii yao walikubali kazi ngumu na wakaendelea kujaribu. Yaani hata sifa nzuri inaweza kumfunga mtoto, ikiwa inamfundisha kwamba akili ni kitu umezaliwa nacho au hukuzaliwa nacho.

Ukiyaweka maneno haya kando ya kazi ya Habib Swaleh utaona yanaingiana. Hakuwaambia watu wa Langoni ati wao ni werevu kuliko wengine. Aliwafunza, akawapa nafasi ya kuonyesha walichojifunza, akawafunza zaidi.

LANGONI YETU YA LEO IKO WAPI?

Swali ni hili: hii leo, ni nani tunayemwona kwamba kusoma si kwake?

Kuanzia 1985 mpaka 2023 watoto wa Kenya walifanya mtihani wa KCPE, na kila mmoja akatoka na nambari moja. Wengi wenu mnaosoma gazeti hili bado mnaikumbuka nambari yenu. Wako walioibeba kama medali, na wako walioibeba kama kidonda, wakasema tangu siku ile, "Mimi nilipata kadhaa, mimi si wa kusoma." Mtihani ule umeondoka, na mtaala mpya ulioanza 2017 wasema unataka kukuza kipawa cha kila mtoto. Ni vyema. Lakini mtaala haubadilishi ulimi wa mzazi wala wa mwalimu.

Wako watoto wa Waboni kule bara yetu, ambao skuli zao katika wadi ya Basuba zilifungwa kwa muda mrefu baada ya mambo ya usalama kuharibika mwaka 2014. Anapokuja mtoto wa namna hiyo mjini amepitwa na madarasa, tunasema amepitwa, ama tunasema ni mjinga? Yuko msichana anayependa sayansi na anaambiwa kila siku kwamba mwisho wake ni jikoni. Yuko mtoto mwenye ulemavu anayewekwa nyuma ya nyumba wageni wakija. Yuko kijana aliyefungua kitabu akiwa mkubwa, anaona haya kukaa na wadogo. Kila mmoja wa hawa ni Langoni yetu ya leo, hata akiwa analala ndani ya nyumba ya mawe.

TUFANYE NINI?

Kwanza, mzazi, usimpe mwanao jina. Ukisema "wewe mzito," umempa jina la kudumu. Sema kosa lilipo: "Ukurasa huu hujaushika, rudia mstari wa pili, mimi nakungoja hapa." Kosa lina dawa. Jina halina.

Pili, msifu kwa alichokifanya. Akirudia somo mara tatu mpaka akaliweza, mwambie umeona amerudia mara tatu. Sifa ya kweli, hata ndogo, ina nguvu kuliko sifa kubwa ya uongo. Watoto hutambua uongo upesi sana.

Tatu, mlinganishe na jana yake. Chuo chetu cha zamani kilikuwa na hekima hii. Kila mtoto alikuwa na ubao wake na mahala pake alipofikia, akasomeshwa kutoka hapo, na mkubwa akamsomesha mdogo. Hatusemi chuo kilikuwa hakina kasoro. Fimbo ilikuwepo, na wengine walikimbia kwa ajili ya fimbo. Lakini aliye kwenye juzuu ya amma hakuitwa wa mwisho, alikuwa yuko kwenye juzuu ya amma. Ukipokea ripoti ya skuli, kabla ya kuuliza nambari yake katika darasa, uliza ni jambo gani analijua muhula huu ambalo muhula uliopita hakulijua.

Nne, walimu na maustadhi, mpeni nafasi aliye nyuma. Ramadhan ndio wakati wenyewe. Wale wale watoto watatu wenye sauti nzuri ndio wanaosomeshwa mbele ya watu kila mwaka. Mchukue yule anayegugumiza, mtayarishe sura fupi kwa wiki mbili, hakikisha ameiweza kweli, kisha msimamishe. Usimsimamishe kabla hajaiweza, ukamwaibisha. Na aliye mkubwa zaidi katika wanaoanza, mpe mdogo wa kumsomesha alifu na bei. Anayesomesha hujiona anajua, na kwa kujiona hivyo huzidi kujua.

Tano, nanyi vijana wenyewe. Unapojisikia unasema "siyui," ongeza neno moja, sema "bado siyui." Unapopata alama mbovu, usiulize "mimi ni mtu gani?" Uliza "ni wapi nilipopotea?" kisha nenda kwa mwalimu na karatasi yako mkononi. Tafuta wenzio wawili watatu wa kusoma pamoja, wasiokucheka unapouliza. Na ukisikia mwenzio anaambiwa hana kitwa, usicheke. Kicheko chako ndicho kinachoipigilia msumari ile kauli.

Hatusemi kwamba kila mtoto atakuwa wa kwanza, wala kwamba kujiamini peke yake kunafaulisha mtihani. Watoto wanatofautiana, na njaa, maradhi na skuli isiyokuwa na walimu ni mambo ya kweli yanayotaka dawa yake. Tunasema kwamba mtoto asinyimwe elimu mara mbili, mara ya kwanza na dunia, na mara ya pili na nafsi yake mwenyewe, kwa maneno tuliyomtia sisi.

Watu wa Langoni waliokaa mbele ya Habib Swaleh hawakungojewa mpaka wawe wanafunzi ndipo wapewe mahala. Walipewa mahala, ndipo wakawa wanafunzi. Katika siku hizi zilizobaki za mwezi mtukufu, baada ya alasiri, wakati darsa zinaposomwa na watu wanangoja magharibi, tazama mlangoni mwa msikiti wako na mlangoni mwa nyumba yako. Huenda yuko aliyesimama hapo, anataka kuingia, anaona haya. Msogezee mkeka.

Mwenyezi Mungu awarehemu walimu wetu waliotangulia, atusamehe sisi na wazee wetu, atuzidishie elimu yenye manufaa, na atujaalie tuwe ni watu wa kuwafungulia wengine milango. Amin. Ramadhan Karim.

Wabillahi tawfiq.